Eskaveta ndogo kwa kazi za Mombasa: ya tani 1.7, 3.5 au 5.5?

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kisauni alinipigia simu. Ameweka akiba, mkopo wa chama umetoka, na anataka kununua eskaveta yake ya kwanza. Akanitajia mashine nne alizoonyeshwa: injini zake, mwaka wa kila moja, na bei. Nikamwuliza, "Geti la kazi zako nyingi lina upana gani?" Akanyamaza kidogo. "Sijapima, kaka." Nikamwambia achukue tepu akapime, tutaongea tena.

Simu kama hiyo naipokea mara nyingi, ndiyo sababu nimeamua kuandika. Nimekalia viti vya mashine hizi miaka kumi na minne, kwanza nikiwa opareta wa kuajiriwa, na sasa nina mbili zangu zinazolala Changamwe. Kazi zetu ni za kila siku za mji huu: mashimo ya choo, matangi ya maji taka, mitaro ya mabomba, misingi ya nyumba za kupangisha, kuondoa kifusi cha nyumba iliyobomolewa. Beko, lile trekta lenye sepetu mbele na mkono wa kuchimba nyuma, mara nyingi haliingii huko. Kibarua mwenye sururu anaingia, lakini shimo la siku moja linamchukua wiki.

Mashine mpya za saizi hii zimebadilika kuliko watu wanavyodhani. Pampu za siku hizi zinapima mzigo na kutoa mafuta ya haidroliki kwa kadiri kazi inavyodai, kwa hiyo unaweza kuinua bumu (mkono mkubwa unaoanzia kwenye mwili), kukunja mkono (ule wa mbele unaoshika baketi) na kuzungusha kwa wakati mmoja bila mashine kukwama. Jostiki zimekuwa nyepesi za kidole. Kuna kabini zenye AC, viti vya springi, na injini inayopunguza mzunguko yenyewe ukiacha leva. Kwenye Kubota za kizazi hiki inachukua sekunde nne tu. Hayo yote yanalipiwa. Suala ni lipi litakurudishia pesa hapa Mombasa, na lipi litakaa tu kwenye mashine kama pambo.

Anza na ardhi unayochimba

Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Ukichimba Majengo, Tudor au Mji wa Kale, udongo wa juu ni wa kufika goti, pengine haufiki, halafu meno ya baketi yanalia: umegonga jiwe. Nyali na Bamburi ni hivyo hivyo, ila kadiri unavyokaribia bahari ndivyo mchanga unavyozidi. Jiwe la matumbawe lina tabia yake. Juu ni gumu na lenye ncha kali, chini mara nyingine ni laini kama chokaa iliyolowa, na katikati unaweza kukuta pango tupu la kumeza ndoo.

Ukitoka kisiwani na kuvuka Makupa kwenda Changamwe, Mikindani, Jomvu na Miritini, tumbawe linakwisha. Huko kuna mwamba laini wa tabaka-tabaka uliooza na kuwa udongo wa mfinyanzi. Wakati wa jua unapasuka, wakati wa masika unashika baketi kama ugali ulioiva. Likoni nayo ina mchanga mwingi, na mtaro wa mchanga ukipita kimo cha kifua bila mbao za kuzuia kingo ni kaburi lililo wazi. Hapo hakuna mashine itakayokusaidia. Weka mbao.

Nimeanza na ardhi kwa sababu mashine ileile inaweza kuwa shujaa Miritini na ikawa mzigo Tudor. Mwenye kazi zake nyingi upande wa Changamwe ananunua kwa hesabu tofauti na mwenye kazi kisiwani.

Tani 1.7: ya uchochoro

Mfano unaojulikana zaidi ni Kubota U17. Uzito wake ni karibu tani 1.7, treki (mikanda ya kutembelea) zinakunjwa mpaka upana wa sentimita 99 na kupanuliwa hadi 124 ukifika kazini, na inachimba kwenda chini mita 2.3 hivi. Yanmar, Takeuchi, Bobcat, JCB, Cat na Wachina wana zao za darasa hili, na vipimo havipishani sana. Tuktuk ina upana wa mita 1.3. Kwa hiyo penye kupita tuktuk, mashine hii inapita na nafasi inabaki.

Faida kubwa ni kwamba inapanda kanta, lori dogo la kawaida. Huhitaji lobedi (trela la chini la kubebea mashine), huhitaji kumpigia mtu simu siku mbili kabla. Asubuhi uko Kibokoni, mchana uko Likoni, jioni mashine imerudi yadi. Mafuta nayo hayaumi: kazi ya kawaida ni lita mbili mpaka tatu kwa saa.

Udhaifu wake ni jiwe. Nguvu ya kung'oa ya baketi ni karibu kilonyutoni 15, na nyundo ya haidroliki inayoifaa ni ya kilo mia moja hivi. Kwa tumbawe laini inatosha, ukiwa na subira. Kwa tumbawe gumu la kisiwani utagonga siku nzima, mafuta ya haidroliki yatachemka, na mwenye nyumba atakuja kukuuliza kama unachimba au unapiga ngoma. Kina nacho ni tatizo. Mita 2.3 inatosha mtaro na msingi, lakini shimo la choo la watu wa hapa huenda chini zaidi ya hapo, na mwisho wake vibarua wanashuka na sururu kumalizia.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawapimi: kimo. Nilijifunza kwa uchungu. Nilikuwa bado mgeni wa mashine hizi, nimetoka kwenye beko, na tulikodi ya tani 1.7 kutoka kwa kampuni moja ya kukodisha kwa mtaro wa maji taka Kuze, Mji wa Kale. Leva zake zilikuwa za mpangilio ambao mkono wangu haukuuzoea, na aliyetuletea hakusema. Nilipotaka kuvuta mkono wa mashine uje kwangu, nikavuta leva ya kulia kama nilivyozoea. Bumu likapanda. Juu yangu kulikuwa na roshani ya mbao, ile ya nakshi, imetokeza juu ya uchochoro. Nilisikia mti mkavu ukivunjika kabla sijaona chochote.

Mwenye nyumba alikuwa bibi wa makamo makubwa. Alitoka, akaiangalia nguzo iliyokatika, akaniangalia mimi. Hakunitukana. "Mwanangu," akasema, "roshani hii ilikuwapo mamangu alipoletwa hapa akiwa bi harusi." Nilimtafutia seremala anayejua kazi ya nakshi, nikalipa mwenyewe kwa miezi mitatu. Nguzo mpya mpaka leo inajulikana, rangi yake haijaungana na zile za zamani. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na kila nikipita Kuze nakumbuka kwamba nyumba zile haziwezi kununuliwa tena kama spea.

Kwa hiyo ukinunua ya tani 1.7 kwa ajili ya vichochoro, pima upana chini na kimo juu, kisha soma sehemu ya leva hapa chini kwa makini.

Tani 3.5: nisingeiacha

Kama ningelazimishwa kubaki na mashine moja tu Mombasa, ningebaki na hii. Darasa hili lina Kubota U35, Yanmar ViO35, Bobcat E35, Cat 303.5, Sany SY35 na nyingine nyingi. Uzito ni tani tatu na nusu na ushee, inachimba mita 3 na zaidi kidogo, na nguvu ya baketi ni kama mara mbili ya ile ndogo. Inabeba nyundo ya kilo mia mbili. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kubembeleza tumbawe na kulivunja.

Kina cha mita 3 maana yake shimo la choo unalimaliza kwa mashine kwa sehemu kubwa. Tangi la maji taka la nyumba ya vyumba sita unalichimba na kusawazisha chini yake kwa siku moja ikiwa udongo ni wa Mikindani. Bledi ya mbele, ile sepetu ya kusukumia udongo, ni pana ya kutosha kurudisha kifusi na kulaza eneo, kwa hiyo hukodi mashine ya pili.

Shida yake ni usafiri na geti. Kanta nyingi za hapa zitalemewa nayo, hata kama dereva atakuambia "itaenda tu, boss." Inahitaji lori la daraja la juu lenye mbao imara za kupandia, au trela yake. Upana nao unatofautiana kuliko watu wanavyofikiri, na hapa wanunuzi wengi wanapotea: Kubota U35 ni mita 1.70, Yanmar ViO35 ni mita 1.55. Zote zinaitwa za tani tatu na nusu. Sentimita 15 hizo kwenye mtaa wa Kisauni ni tofauti ya kuingia na kubaki nje. Iliyo pana imetulia zaidi ukinyoosha mkono kwa ubavu na mzigo kwenye baketi. Nyembamba inaingia. Chagua kwa kujua unachokitoa.

Kuna siri moja ya injini pia. Mashine nyingi za tani 2.5 mpaka 4 zimewekewa injini ya chini kidogo ya kilowati 19, na haikutokea kwa bahati. Kanuni za Ulaya za moshi, zile za Stage V zilizoanza mwaka 2019, zinabana sana chembe za moshi kuanzia kilowati 19 kwenda juu, na mtengenezaji analazimika kuweka filta ya masizi kwenye ekzosi. Chini ya hapo filta haihitajiki. Nitarudi kwenye jambo hili, maana linagusa mfuko.

Tani 5.5: ya jiwe

Hii ni mashine ya mtu mwenye kazi za kutosha na ardhi ngumu. Kubota U55 na KX057, Yanmar ViO55, Cat 305 na wenzao. Upana ni karibu mita 2, inachimba mita 3.6 hadi 3.9, inabeba nyundo ya kilo mia tatu, na injini ina nguvu mara mbili ya ile ya tani 3.5. Ukiiweka Nyali kwenye msingi wa ghorofa juu ya tumbawe, utafurahi. Inapiga, inang'oa, inapakia lori bila kunyoosha shingo.

Lakini inakula lita tano na zaidi kwa saa kazini, inataka lobedi, na vitongoji vingi vya nyumba za kupangisha haitaingia bila kubomoa ukuta. Nimeona watu watatu wakinunua saizi hii kama mashine ya kwanza kwa sababu "kubwa itafanya kazi zote." Wawili waliiuza. Yule wa tatu ana mkataba wa kudumu na mkandarasi wa majengo, na kwake ni chaguo sahihi kabisa.

Usisahau kwamba nyundo ni adui wa mashine ikitumiwa vibaya, hasa kwenye joto letu. Usipige sehemu moja zaidi ya nusu dakika. Jiwe likikataa, sogea pembeni, tafuta ufa. Opareta anayekaza nyundo mahali pamoja anachemsha mafuta, na mafuta yaliyochemka yanaua sili (mipira ya kuzuia mafuta kuvuja) za pampu ambayo bei yake hutaki kuijua.

Mkia

Yanmar walitengeneza eskaveta yao ndogo ya kwanza mwaka 1968, na mwaka 1993 wakaleta ViO, mashine ambayo mkia wake (sehemu ya nyuma yenye uzito) hautoki nje ya upana wa treki inapozunguka. Siku hizi karibu kila kampuni ina aina hiyo.

Kwa Mombasa ya kuta na mageti, nunua isiyo na mkia. Opareta anaangalia baketi, haangalii mgongo, na ukuta wa jirani uko nyuma. Mwenye mkia mrefu atakuambia ya kwake inainua zaidi, na ni kweli, maana uzito wa nyuma ukikaa mbali unasawazisha vizuri zaidi. Kama kazi zako ni mashamba ya Mtwapa na uwanja uko wazi, msikilize. Vinginevyo kila ukuta utakaougusa utakula faida ya siku hiyo.

Kabini yenye AC au kanopi

Hapa ndipo ninapogombana na watu. Wanasema AC ni starehe ya Wazungu, opareta wa Mombasa amezaliwa kwenye joto.

Februari moja tulikuwa Bamburi na mashine mbili za tani 3.5, umri mmoja, treki aina moja. Moja ilikuwa na kanopi, nyingine na kabini na AC. Tulikuwa tunachimba mtaro mmoja wa bomba, kila opareta anatoka upande wake waje wakutane katikati. Wote wawili ni mafundi, na wa kwenye kanopi, kusema kweli, ndiye mzoefu zaidi. Asubuhi walikwenda sambamba. Kufika saa nane jua lilikuwa limeanza kuingia ubavuni mwa kanopi, maana paa lile linakinga utosi tu, na joto la injini lilikuwa linampanda kutoka nyuma ya kiti. Hapo nilisimama karibu yake. Jostiki ilikuwa inang'aa kwa jasho. Kila baada ya baketi tatu au nne anaachia leva, anapangusa viganja kwenye suruali, anashika tena. Vumbi la chokaa limemkaa kwenye kope. Tulikuwa tumekaribia bomba la zamani la maji, na baketi yake ilikuwa inatetemeka: inashuka, inasita, inashuka tena. Nikamwambia ashuke anywe maji. Mwenzake ndani ya kabini alikuwa anakwangua juu ya bomba lilelile kama mtu anayefagia ukumbi.

Siku hiyo wa kabini alipita katikati ya mtaro akaendelea upande wa mwenzake. Injini zilikuwa sawa. Mtu ndiye aliyechoka. Opareta akichoka saa nane na kazi inaisha saa kumi na moja, una saa tatu za mashine unazozilipia mafuta kwa nusu ya kazi. Na ajali za mabomba na nyaya, kwa kumbukumbu zangu, zimetokea karibu zote mchana huo wa joto.

Kwa hiyo kwenye tani 3.5 na 5.5, lipa kabini yenye AC. Lipa na kiti cha springi. Mtetemo unaopanda kwenye uti wa mgongo ni jambo ambalo Ulaya waliliwekea kiwango kisheria mwaka 2002, huku kwetu opareta wa miaka arobaini anatembea ameshika kiuno na watu wanasema ni uzee. Nina jamaa wawili waliotoka kwenye kazi hii kwa mgongo. Walikuwa wazuri sana.

Kwenye tani 1.7 maoni yangu yanageuka. AC inakula sehemu ya nguvu ya injini, na injini ya nguvu za farasi kumi na sita itaihisi. Cat wameleta mashine za chini ya tani 2 zenye kabini iliyofungwa na AC, na ni kazi nzuri, lakini kwenye uchochoro wa Mji wa Kale mimi nataka kanopi. Nataka kumsikia taniboi akipiga kelele, nataka kutoa kichwa nje niangalie roshani. Kivuli cha nyumba zile kinasaidia, na kazi zenyewe ni za saa chache. Kanopi pia haina vioo vya kuvunjika.

Kama ulishanunua ya kanopi na huwezi kubadilisha, badilisha saa. Anza kumi na mbili na nusu asubuhi, simama saa sita, rudi saa tisa na nusu upepo wa baharini ukiwa unapiga. Wakati wa Kusi, upepo wa kusini, mambo ni nafuu; wakati wa Kaskazi, upepo wa kaskazini na joto lake, usijidanganye.

Tahadhari moja ya hapa kwetu: hewa ya chumvi inaila AC. Kondensa, ile redieta ya AC, inaoza kabla ya kitu kingine chochote. Osha kwa maji baridi, si ya kisima cha chumvi, kila Jumamosi, na paka grisi kwenye viunganishi vya nyaya.

Leva

Kuna mipangilio miwili mikuu. Kwenye ule wa ISO, leva ya kushoto inazungusha mashine na kuendesha mkono, ya kulia inaendesha bumu na baketi. Kwenye ule wa SAE, ambao ndio wa mabeko mengi, bumu na mkono vimebadilishana pande. Opareta wengi wa Mombasa wamejifunzia kwenye beko, kama mimi. Wakipanda eskaveta ya ISO, akili inajua lakini mkono haujui, na siku ya kushtuka mkono ndio unaoamua.

Mashine nyingi mpya zina valvu ya kubadilisha mpangilio, mara nyingi chini ya sakafu au nyuma ya kiti. Unageuza mpini, mpangilio unabadilika. Kwangu hii ni ya lazima. Bandika karatasi kubwa mbele ya opareta yenye mchoro wa mpangilio uliopo, na kila opareta mgeni azungushe baketi hewani dakika kumi kwenye uwanja mtupu kabla ya kukaribia ukuta wa mtu.

Cat wana kitu kinachowapendeza vijana: unaweza kuendesha mashine kwa jostiki ya kushoto badala ya leva mbili za treki. Unapolaza kifusi kwa bledi kutwa nzima, miguu na mabega yanapumzika. Ni kizuri, ila nisingechagua mashine kwa hicho peke yake.

Mpya au mtumba

Mtumba wa Japani ndio unaojaa hapa, na nyingi ni mashine nzuri zilizotunzwa. Usiamini saa zilizoandikwa kwenye mita. Angalia pini za baketi na bumu: shika baketi ikiwa imegusa chini, mwambie opareta apandishe bumu polepole, tazama mchezo kwenye viungo. Angalia mpira wa pedali umeliwa kiasi gani. Mashine ya saa elfu mbili haina pedali iliyolainika kama sabuni.

Sasa nirudi kwenye filta ya moshi. Nchi za Afrika Mashariki zilishusha kiwango cha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015. Injini za Stage V zimetengenezwa kwa dizeli ya sehemu 10. Salfa na majivu ya oili isiyofaa vinaiziba filta, na ikiziba mashine inapunguza nguvu yenyewe mpaka fundi mwenye kompyuta aje. Kwa hiyo mashine ya tani 5.5 iliyotoka Ulaya baada ya 2019 inaweza kuja na tatizo ambalo ya tani 3.5 ya mwaka uleule, yenye injini chini ya kilowati 19, haina kabisa. Uliza kabla ya kulipa: ina filta ya masizi? Inatumia oili gani? Nani hapa Mombasa ana kompyuta ya kuisoma?

Za Kichina mpya zinakuja kwa bei ya mtumba wa Japani, na ubora umepanda. Nyingi zina injini ya Yanmar au Kubota ndani, na hilo linatuliza moyo. Kinachobaki ni spea za mwili na haidroliki. Nenda dukani uombe sili ya silinda ya bumu ya modeli hiyo. Wakikupa siku hiyo hiyo, endelea na mazungumzo. Wakikuambia wiki sita, piga hesabu ya wiki sita bila kazi halafu ongeza kwenye bei.

Treki: mpira unasafiri vizuri na hauharibu lami wala vigae vya uani, lakini tumbawe lenye ncha linaukata kama kisu cha samaki. Mwenye kazi za jiwe achukue chuma chenye pedi za mpira za kufunga kwa bolti. Ya upande wa udongo wa Changamwe tu, mpira unatosha.

Za umeme

JCB wana 19C-1E ya karibu tani 1.9 yenye betri za kilowati-saa 20, na Volvo wana ECR25 Electric ya betri ya kiasi hicho hicho, wanayosema inafanya kazi mpaka saa nne. Hazina moshi na karibu hazina kelele. Ningependa sana kuona moja Mji wa Kale, ambako watoto wako madrasa dirisha la pili na mgonjwa amelala la tatu. Lakini kwa mwenye mashine moja, anayehama kutoka Kuze kwenda Shelly kule Likoni siku hiyo hiyo, na stima ikikatika anabaki amekaa, sitamshauri kwa sasa.

Kijana wa Kisauni

Alinipigia tena juzi. Amezunguka kazi zake nane za mwisho na tepu, ameandika kwenye daftari. Geti finyu kuliko yote ni sentimita 162, mengine ni 180 kwenda juu. Uchochoro hana, jiwe analo kwenye kazi tatu kati ya nane, na opareta ni yeye mwenyewe, kutwa.

Kwa hiyo ya tani 1.7 tukaiondoa, maana kina na nyundo vingemwangusha. Ya 5.5 haiingii kwenye mageti yake mengi. Kati ya mbili za tani 3.5 alizoonyeshwa, yenye upana wa mita 1.70 ndiyo aliyokuwa ameipenda, ni mpya zaidi na rangi inang'aa. Ile ya mita 1.55 ina miaka miwili zaidi, haina mkia, ina AC inayofanya kazi, injini ni ya chini ya kilowati 19, na valvu ya leva iko chini ya sakafu. Kwenye lile geti la 162 itabaki nafasi ya vidole viwili kila upande. Nimemwambia siku ya kuingia ang'oe geti kwenye bawaba zake, ataongeza sentimita nane. Jumamosi saa saba mchana tunakwenda yadi kuijaribu, na nimemwomba muuzaji aiache juani tangu asubuhi.